Sahani Chini ya Kawa

Jumapili, 5 Oktoba
Wali wa nazi, mchuzi wa samaki. Mama amepakua sahani tatu. Yangu, yake, ya baba. Ya baba ameifunika kwa kawa, kile kifuniko cha ukindu. Baba yuko Mombasa tangu Ramadhani na ameoa mke mwingine huko. Tunajua. Kawa inabaki mezani mpaka asubuhi.

Kwenye lifti mleta pizza alikuwa akipiga mluzi ule wimbo wa Kibrazili. Al Nahda nzima, mtaa wetu huku ughaibuni, inaupiga mluzi. Sidhani kama kuna anayejua maneno.

Jumatatu, 6 Oktoba
Wenzangu walikwenda uwanjani. Mimi maktaba. Nimesoma habari za mtunzi. Anaitwa Ademilson, alikuwa mwoka mikate. Mkewe alipoondoka aliendelea kumwekea sahani, akatunga wimbo. Sasa watu wanaucheza harusini. Yeye ameacha kuuimba. Anasema hawezi kutazama watu wakichekea sahani yake.

Namwelewa kuliko ninavyomwelewa yeyote darasani.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimeutilia maneno ya Kiswahili. Mizani nane kwa nane. Niliangalia meza yetu tu.

Sahani naifunika, kawa juu naiweka,
Chakula kimeshapoa, mwenye kula hajafika.

Sijawahi kuandika kitu kizuri hivi. Sitamwonyesha mtu.

Jumamosi, 11 Oktoba
Nimemwonyesha Shangazi Rukia. Dada yake baba, tunakaa jengo moja. Huimba taarabu kwenye harusi zetu za hapa. Alinisikia nikiuimba chini chini jikoni kwake. Ameuomba kwa harusi ya Ijumaa. Muziki wa ng'ambo, maneno yetu, ndivyo walivyofanya hata wazee, amesema. Ameniita malenga.

Hakuna aliyewahi kuniita chochote. Nikampa.

Yeye na mama hawaelewani tangu mama akatae kupokea simu ya yule mke mpya. Labda wimbo utawapatanisha.

Ijumaa, 17 Oktoba
Sitaki kuandika.

Ubeti wa kwanza aliimba vizuri. Wa pili akashuka na kipaza sauti mpaka meza yetu. Akasimama mbele ya mama. "Mwenye kula hajafika." Akarudia. Akarudia tena. Wanawake wakainuka kumtunza, na kila noti ilipungwa kwanza juu ya kichwa cha mama. Vigelegele. Mmoja nyuma yangu akasema, "Leo kapatikana, shoga."

Mpasho. Nimelelewa katika taarabu na sikuuona ukija. Kutwa vitabu.

Mama alitabasamu mpaka wimbo ukaisha. Ndani ya teksi akaniuliza, "Habari ya kawa kaipata wapi?"

Akageukia dirisha.

Jumamosi, 18 Oktoba
Shangazi ameleta biriani ya harusi. Mama hakutoka chumbani. Nilimuuliza shangazi kwa nini alimfanyia mama vile. Akacheka.

"Wimbo ni wimbo tu, mwanangu. Awashwaye ndiye ajikunaye."

Namchukia. Mimi najichukia zaidi. Biriani nimeitupa. Ademilson alitoa sahani yake mwenyewe. Mimi nimetoa ya mama.

Jumatatu, 20 Oktoba
Mama amerudi kazini, kwenye kliniki ya Oud Metha. Jioni nilimwomba radhi. Akasema nikate vitunguu.

Wali, mchicha, papa. Nje mtu alipita akipiga mluzi wimbo uleule. Mama hakuinua kichwa.

Sahani mbili mezani. Kawa imetundikwa ukutani. Mama amekula kwenye sahani ya baba, taratibu, mpaka maua ya chini yakaonekana.