Mizizi Haikulinda Uzao Wangu

Mutuini, Nairobi

Baba mpendwa,

Nitakalolitetea katika barua hii ni hili: maji ya mizizi uliyonitumia hayakulinda mbegu zangu za uzazi dhidi ya dawa za saratani, na hakuna mwenye haki ya kumwahidi kijana mwingine kwamba yatamlinda.

Baada ya kusema hilo, nakusalimu kwa heshima. Mgongo wako unaendeleaje? Mama ameacha kukohoa? Mvua imewafikia huko Mwingi?

Mwili wangu una nguvu. Uvimbe umekwisha, nami nimerudi Loresho kufundisha watoto wa watu majumbani mwao. Lakini wiki jana niliitwa hospitalini Parklands kuchukua majibu ya kipimo cha mbegu, cha tatu tangu nimalize matibabu. Mtaalamu wa maabara, kijana wa rika langu, alifunga mlango kwanza.

"Boss, nimeangalia mara mbili. Hakuna hata moja."

Daktari anasema huenda zikarudi, huenda zisirudi. Hakunipa ahadi, nami sikuwa na nguvu ya kuiomba.

Sikulaumu wewe peke yako. Kabla ya dozi ya kwanza, muuguzi alinisihi mbegu zangu zihifadhiwe kwenye barafu. Nikamwonyesha chupa yako, pamoja na kurasa za utafiti nilizokuwa nimechapa kuhusu mizizi hiyo.

"Na hawa waliosaidika ni akina nani?" akauliza.

"Ni panya wa maabara, Sista, lakini hoja ya kisayansi ni ileile."

"Kwani wewe ni panya? Weka mbegu kwanza, msomi. Hiyo miti utabishana nayo baadaye."

Nilimcheka, Baba. Nikatia sahihi kwamba nimekataa. Shahada niliyoiringia haikunizuia kusoma nilichotaka kusoma. Sasa muuguzi yule akiniona kwenye ukumbi wa hospitali hunisalimu kwa upole, na upole huo unaniumiza kuliko sindano.

Nilipokuja nyumbani baada ya matibabu, ulinishika kichwa kwa mikono miwili. "Baba, nywele zimerudi!" ulisema, ukiniita hivyo kwa kuwa nimebeba jina la baba yako. "Kama juu kumeota, chini kutakosaje?" Tulicheka sote. Jumapili iliyofuata ukasimama kanisani ukashuhudia kwamba mizizi imelinda nyumba yako, naye mwenye kuiuza, ameketi benchi la mbele, akaitikia amina. Kipimo hakikuwa kimefanywa. Nami nilikuwa nimeketi kando yako, nikanyamaza, maana nilitamani iwe kweli.

Kwetu mwana wa kwanza wa kiume humrudisha babu yake kwa jina. Mimi ndiye niliyepaswa kukurudisha wewe kwa mwanangu. Nikilifikiria hilo chakula hunishinda, na kitabu nikikifungua sioni maneno. Msichana niliyemchumbia bado sijamwambia. Kila Jumamosi hunieleza jinsi atakavyowalea wanetu, nami hutikisa kichwa kukubali kama mwongo.

Ningalivumilia hayo kimya. Lakini Mama amenipigia simu kwamba Kioko, mwana wa shangazi, ataanza matibabu kama yangu Jumatatu ya wiki ijayo, na kwamba amekataa kuhifadhi mbegu kwa sababu ya ushuhuda wako. Nilipompigia mwenyewe alinijibu, "Kaka, wewe umesoma sana, lakini mjomba alisema mbele ya madhabahu." Ana miaka kumi na tisa.

Msalimie Mama, na dada yangu mdogo anayefundisha chekechea, na shangazi, ambaye sijui nitamtazama kwa macho gani.

Nawe usinijibu kwa simu wala kwa barua. Jumapili hii, baada ya matangazo, simama uisome barua hii yote, pamoja na aibu yangu, mbele ya kanisa na mbele ya Kioko. Kisha unijibu hapo hapo, watu wote wakisikia: ulijuaje?

Mwanao,
Musyoka