Bastola ya Chini ya Koti

Brussels, 6 Februari 1995

Dada Warda mpendwa,

Assalaam aleikum. Mimi mzima, baridi tu ndiyo inanitafuna masikio. Natumai wewe, shemeji Jamal na wapangaji wote wa Buyenzi hamjambo, na mgongo wako umepoa.

Habari kubwa: nimepanda cheo! Pale kwenye maofisi ninapofanya kazi, karibu na kituo cha metro cha Schuman, nimepewa ulinzi wa mkubwa mmoja, na bastola mpya juu yake. Usishtuke. Si yale madude ya askari wa huko. Hii ni ndogo, inaenea kiganjani mpaka kidole cha mwisho kinakosa pa kushika. Pembe zimelainishwa zisinase kwenye nguo. Ukiitazama utadhani nyepesi, ukiishika unashangaa. Nilihofu itanivuta suruali, kumbe baada ya muda unaisahau, mpaka uiname kufunga viatu: hapo koti linapanda na dunia nzima inaiona. Kasoro yake ni pa kufyatulia, pagumu, unavuta mpaka unakata tamaa. Inabeba risasi kumi. Siku ya kuijaribu nilizimaliza zote na mkono haukutetemeka.

Shemeji asome taratibu, wasikie hadi waliokaa nyuma.

Mdogo wako mwenye cheo,
Radjabu


Buyenzi, 2 Machi 1995

Mdogo wangu Radjabu,

Waaleikum salaam. Tunashukuru Mungu tunapumua, ingawa mjini hakujatulia. Mgongo ni uleule.

Barua yako Hassan wa posta aliileta salama. Kama kawaida, baada ya swala ya alasiri Jamal aliweka cherehani pembeni, wapangaji wakaleta vigoda vyao uani. Unamjua shemeji yako, barua ya Ulaya haisomi kwa mdomo tu. Pale pa kuinama aliinama kweli, akajishika kiuno. Mama Nuru akasema, "Ee, Radju amekuwa muntu mukubwa!" Wakamrudisha mwanzo, akasoma mara tatu.

Nilicheka na wenzangu, lakini sikupenda. Askari wanapita nyumba kwa nyumba wakitafuta silaha, na wewe unatuletea maneno ya bastola yasomwe mbele za watu. Safari nyingine tuandikie umekula nini.

Dada yako,
Warda


Buyenzi, 19 Machi 1995

Radjabu,

Salamu utanisamehe. Wamemchukua Jamal.

Habari ya bastola yako ilitoka hapa uani na kila aliyeipokea aliiongeza chumvi. Ilipofika sokoni tayari inasemwa umeituma kwetu, imefungwa ndani ya vitambaa. Alhamisi askari walikuja. Wamechimba sakafu, wamepasua magodoro, hawakuona kitu. Wakamuuliza Jamal, "Hiyo bastola iko namna gani?" Naye, maskini, akadhani akieleza vizuri wataelewa kuwa iko Ulaya. Akaeleza pembe zilivyo laini, risasi kumi, pa kufyatulia palivyo pagumu. Mkubwa wao akamwambia, "Weye umeishika." Wakampandisha garini bila viatu.

Nimekwenda kambini mara tatu. Wanataka karatasi ya kazini kwako ionyeshe kwamba bastola iko huko na namba yake. Tuma kwa faksi kama hii, dukani kwa Marie-Jeanne, jirani na posta. Fanya haraka, mdogo wangu. Walioingia mle hawatoki wote.

Dada yako,
Warda


Brussels, 22 Machi 1995

Dada yangu,

Sina uso wa kukusalimia, lakini nakusalimia.

Karatasi ya bastola haipo, kwa sababu bastola haipo. Mimi si mlinzi wa mtu. Nasafisha vyoo, ghorofa ya tatu mpaka ya sita, mwaka wa nne sasa. Bastola ni ya Constant, mlinzi wa mlangoni. Walipomletea mpya alinionyesha kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akatoa risasi, akaniachia dakika tano. Nilivaa koti lake, nikainama mbele ya kioo. Sijapiga hata risasi moja maishani mwangu.

Nilijua mtakaa uani kusikiliza. Kila mara nikiandika nawaona mmekaa, na kila mara naona haya kuwapa vyoo. Kwa hiyo Jamal yuko mikononi mwa wale watu kwa sababu ya majivuno yangu. Jana nilimwomba msimamizi wetu, Madame Sidonie, cheti cha kazi, akaniuliza cha nini. Nilipomweleza aliinamisha macho. Kinafuata baada ya barua hii, kwa faksi hiyohiyo. Kimeandikwa kazi yangu, nettoyeur, yaani msafishaji, vyoo vimetajwa, na muhuri upo. Mpelekee mkubwa wa kambi.

Na barua hii isomwe uani, yote, hata pa vyoo. Nastahili.

Mdogo wako,
Radjabu


Buyenzi, 30 Aprili 1995

Radjabu,

Waaleikum salaam. Mgongo wangu usiuulize leo.

Jamal amerudi juzi, baada ya mimi kuzungushwa getini mwezi mzima. Mkubwa wa kambi alisoma cheti chako akacheka mpaka akajifuta machozi, akawaita wenzake waje wamwone shemeji wa "mulinzi wa vyoo". Katika kicheko hichohicho akasema mtoeni. Nilisimama pale nikashukuru, huku nimeficha uso kwenye mtandio. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia vimevunjwa. Mkasi haushiki.

Jana baada ya alasiri watu walileta vigoda. Nilitaka kuisoma barua yako mimi mwenyewe, Jamal akaninyang'anya. Akasoma kwamba bastola haipo na hujawahi kuwa nayo, kwa sauti, hadi nyuma wakasikia. Alipofika pa vyoo akasema, "Bon, hapa anatusalimia," akaanza kutaja wapangaji, jina kwa jina, mpaka mtoto wa Mama Nuru aliyezaliwa mwezi jana. Nilikuwa nyuma ya bega lake, naiona karatasi. Haikuwa na jina la mpangaji hata mmoja.

Watu walikwenda makwao wanakuombea dua.

Yeye anasema hana kinyongo na wewe. Mimi ninacho bado. Kwa hiyo barua itakayofuata usiniandikie mimi, mwandikie yeye.

Dada yako,
Warda