Moto Ule Ulikagua Kadi?

Jumapili, Pentekoste. Nyumbani, Kamunyonge. Upepo wa ziwani umevuma tangu alfajiri, umeondoka na bati moja la choo changu. Mchungaji kasema kanisani kwamba upepo ni ishara ya Roho. Mimi nasema Roho angeanza na choo cha jirani.

Natania tu. Moyo wangu leo ni mzito.

Mchungaji alitutuma kila mtu akamshirikishe Habari Njema mtu mmoja asiyeamini. Wangu nikamjua palepale. Kaka yangu Magesa, yuko Butiama, tumbo limevimba, hospitali wamemrudisha nyumbani akafie kwake. Hajawahi kukanyaga kanisani, na sababu naijua.

Ule mwaka wa shida, wa umri wangu mnaukumbuka. Sabuni hakuna, sukari hakuna, duka ni rafu tupu na mwenye duka anapiga miayo. Mvua nayo ikagoma. Ndipo kanisani ukaletwa unga wa njano wa msaada. Mwalimu wa dini akatangaza kwamba unga ni wa wenye kadi ya ubatizo, wengine wangoje Pentekoste, wabatizwe, ndipo wapewe.

Mimi niliingia majini debe langu likiwa kichakani, tayari. Nilibatizwa na njaa, wala sioni haya. Imani ilinifikia baadaye, kama mgeni aliyeachwa na basi.

Magesa alikataa. Alisema hata mtu humdanganyi kwa ajili ya ugali, sembuse Mungu. Mkewe alimlilia, wazee wakamsihi, wapi. Binti yao Mugaya alikuwaga amebaki macho tu. Nilipopata unga nilikimbia nao kwao siku ileile. Mtoto akalamba uji, akanicheka na debe langu.

Asubuhi hakuamka.

Basi leo nimefika kwa kaka mchana, Biblia kwapani. Nimemkuta peke yake kwenye mkeka. Mwanawe, mkwe, wajukuu, nyumba nzima imekwenda Pentekoste. Mafiga ya baridi.

Nikamsomea. Uvumi kama wa upepo wa nguvu, ndimi za moto, watu wa kila taifa wakisikia kwa lugha yao. Nikamtafsiria kwa Kizanaki, maana siku yenyewe ndiyo inataka hivyo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mdogo wangu," akasema, "moto ule ulipowakalia vichwani, ulikagua kadi kwanza?"

"Haukukagua, kaka."

"Sasa mwalimu wenu ile ya kadi aliitoa wapi?"

Nikabaki kupekua Biblia. Mimi, ambaye msibani nachekeshaga hadi wafiwa.

Nikamuuliza amekula nini. Akasema tangu jana hajala, watu wako kwenye maandalizi ya sikukuu. Hakusema kwa kulalamika. Ndiyo ikaniuma zaidi.

Nikafunga Biblia. Nikatafuta kuni, zilikuwa mbichi. Nikapiga magoti mbele ya mafiga, nikapuliza mpaka kizunguzungu, moshi ukanitoa machozi ambayo nilikuwa nayatafutia kisingizio. Mwishowe ukawaka. Nikakoroga uji wa ulezi, mwepesi, nikamnywesha kwa kijiko kama mtoto.

Kijiko cha tatu akanishika mkono.

"Mngeanza na huu," alisema.

Akageukia ukutani. Sala sikuthubutu kuianza. Nilikaa hapo nikichochea moto hadi wenye nyumba waliporudi wakiimba, nao walipoona kile kijiko wakakatiza wimbo.

Sijui kama kaka amenisamehe au amenisuta. Mchungaji atauliza kama nimempata yule mmoja. Nitamwambia nimepata vijiko vitatu, aandike anavyotaka.

Asubuhi narudi Butiama na ulezi zaidi. Nikiona moshi jikoni kwake, nitapuliza tena.

Na nikikuta turubai la msiba limefungwa uani, uji huu nimpe nani?