Fundi Asikiguse Kifuniko cha Gurudumu

Mwanangu,

Chai iko kwenye chupa. Fundi wa bodi akija, ang'arishe mikanda ya kromu ubavuni mwa gari, ila kifuniko ulicholeta ~~akinyooshe~~ asikiguse.

Asubuhi nilikufokea kwamba umeniletea takataka iliyobonyea. Ulipoondoka umenuna nikakigeuza, nikaitambua mibonyeo: ni ya spana yangu. Siku ya mgomo nilikibandua gurudumuni mwa gari hili hili, nikakigonga kwa spana getini mpaka kiwanda kizima kikatoka. Walinzi wakaninyang'anya, sijawasamehe hata leo. Nawe umekichimbua kwa muuza vyuma chakavu, ukitafuta tu cha kufanana na vile vitatu vilivyobaki garini.

Ahsante, mama. Nimekwenda kuwaita wenzangu tuliogoma nao waje wakione. Leo nagonga milango yao tu.

Baba yako, mdomo mrefu