Mstari Ambao Mkeo Hakukusomea

Mwaka umetimia tangu ututoke, Fundi Pindo, na nyumba bado haijatulia. Mkeo anainuka kwenye kiti kabla hajakaa vizuri. Anafungua dirisha, analifunga. Anaanza sala, anaikatisha katikati, anaianza upya.

Ulikuwa fundi cherehani kwa miaka ishirini na saba, mpole na mtani. Kila suruali uliiachia kitambaa cha ziada kwenye pindo, ukisema, "Huyu atanenepa tu, halafu lawama aniletee mimi." Watu walinuna, wakanenepa, wakarudi.

Mkeo alipojiandikisha darasa la jioni, akiwa tayari na wajukuu, hukumcheka. Ulimwita Mwalimu mbele ya wateja. Kusoma ulijua vizuri, lakini tangu siku ile kila karatasi iliyoingia nyumbani ulimpa yeye akusomee kwa sauti, apate mazoezi. "Mwalimu, kazi hiyo," ulisema, ukaendelea kukanyaga cherehani.

Ndivyo ulivyompa hata barua ya hospitali.

Wakati huo ulikwisha kukojoa damu, ukapigwa picha, ukatolewa figo la kushoto. Tulidhani yamekwisha. Kumbe saratani ilikuwa ya aina kali, na ndani ya miezi minne ilionekana kwenye mapafu. Daktari aliandika yote kwa maneno mepesi. Mkeo alisoma taratibu, kidole juu ya karatasi: ugonjwa umerudi, utaanza vidonge, vidonge vitaupunguza kasi. Mstari uliofuata ulisema kwamba dawa haitarajiwi kuumaliza, na kwamba wengi waliofikia hatua hiyo hawavuki miaka miwili. Macho yake yaliuona. Mdomo wake haukuusoma.

"Basi?" uliuliza.

"Basi. Iliyobaki ni sahihi yake."

"Barua fupi! Huyu daktari naye anabana kitambaa."

Ukaanza vidonge. Nywele zikawa nyeupe, mdomo ukaota vidonda, na viganja na nyayo zikachubuka hadi ukashindwa kushika mkasi wala kukanyaga cherehani. Dada yako mkubwa alikusihi uviache vidonge kwa muda. Ulikataa. "Nikipona nitashona hadi mchoke kuvaa," ulisema. Mkeo alikuwa akikupaka mafuta mikononi, akiomba Mungu kimoyomoyo. Hakuomba upone tu. Aliomba pia apate ujasiri wa kusema, na kila siku alisema kesho.

Miezi minane ilipita hivyo. Kisha daktari akakwambia, sisi sote tukiwa chumbani mwake, "Mzee, uvimbe umeanza kukua tena. Kama nilivyoandika kwenye barua, dawa hii ilikuwa ya kuuchelewesha, si ya kuuondoa."

Mkeo alitazama sakafu. Wewe hukushtuka. Uliuliza, "Nikiacha vidonge, mikono itarudi?"

"Ngozi itapona baada ya wiki chache. Lakini ugonjwa utaongeza kasi, utakimbia."

"Na ukimbie. Mimi nina suruali za watu."

Nje, dada yako alimshika mkeo mkono. "Wifi, ulijua?"

Ukamjibia wewe. "Dada, muache Mwalimu. Tumechoka, twende nyumbani."

Ulipata wiki saba za kushona, na tunamshukuru Mungu kwa kila siku yake. Mara tatu mkeo alisogea karibu na cherehani akuulize, mara tatu ukawa na pini midomoni. Halafu ukalala, na Jumanne asubuhi hukuamka.

Kuna jambo linalomsumbua, nasi ametuomba tuliandike hapa waziwazi. Barua ile hakuificha. Aliikunja ndani ya daftari lake la darasani, likakaa mezani miezi yote. Nawe ulikuwa na tabia ya kulifungua daftari hilo kila Ijumaa, kuhesabu alama za vema alizopewa.

Fundi, uliiona?

Kama hukuiona, basi ulivumilia maumivu yale ukitumaini kitu ambacho hakikuwepo, na mkeo anakuomba radhi mbele ya wote wanaosoma hapa. Ulikuwa na haki ya kujua na kuchagua mapema. Kama uliiona, ukameza vidonge na kunyamaza ili yeye asiaibike, basi hajui aanzie wapi kukushukuru. Amepiga magoti kwa ajili ya yote mawili, mwaka mzima, na bado hajui apige kwa ajili ya lipi.

Unakumbukwa na mkeo, Mwalimu wako. Dada yako mkubwa. Binti yako mkunga na mumewe. Mwanao dereva wa lori. Wajukuu wako wanne. Na mafundi wenzako, ambao hawajaruhusu mtu akalie kiti chako.

Mungu, ajuaye ulichokijua, akupe pumziko. Sisi hutatutoka moyoni maisha yetu yote.