Banasema Sauti Yangu ni Parasite

Siku ya yenga, 6 novemba 1994

Niko na miaka soixante-dix-huit, makumi saba na munane. Nimezika bibi yangu Agnès, batoto batatu, dada yangu Véronique. Nimepita ukoloni, nimepita vita ya Katanga, nimepita bakubwa bote wa kazi yangu, weusi na weupe. Niko.

Leo tena supu. Odile ameenda kazi kule Forest, anaosha bazee wa bazungu. Ni mutoto wa Véronique. Nyumba ni yake, hapa kwa bazungu, mu Molenbeek, étage ya tatu. Ananiacha supu juu ya meza, sahani imeifunika. Nakula mbele ya dirisha. Naangalia canal. Hakuna anayepita kunisalimia.

Kule Lubumbashi, mu Kamalondo, nikipita njia bantu balikuwa bananiita mupaka mwisho wa avenue. Mimi ndiye nilikuwa sauti ya haut-parleur. Kazi ikiisha, mangaribi, ile haut-parleur juu ya muti ya chuma inaanza kulia, na mimi niko ndani. Bengine balijaribu. Balishindwa.

Siku ya pili, 8 novemba

Ba maison ya archives, kule banatunza vitu vya zamani, karibu na Porte de Namur, bamepiga simu. Niende siku ya ine. Juu ya bande zangu, zile kanda za sauti.

Hizo bande ni émission za zamani za radio ya Amerika. Guitare, banjo, violon, bacowboy banaopandisha sauti mu koo sawa muntu anayemeza mufupa. Amerika ilituma sahani za mwimbo, kubwa kubwa, patron wa radio yetu alinipa nizipige, na mashine ilikamata yote: mwimbo, kisha mimi naongea, kisha mwimbo. Uhuru ilipofika patron alikimbia. Mimi nikaficha bande ndani ya matelas. Nililala juu ya Amerika miaka mingi. Mugongo unajua.

Sasa bazungu banasema hata kule Amerika kwenyewe hazipatikani tena. Nilijua. Nilibaambia mbele.

Siku ya ine, 10 novemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Nilivaa veste ya gris. Nilifika mbele ya saa. Monsieur Luc, fundi wa mashine, alinipa kiti. Pembeni yake mutoto mwanamuke, Espérance, mwanafunzi, mutu wa Bukavu. Yeye ndiye anabageuzia Kiswahili mu français.

Bande ikazunguka. Banjo. Kisha mimi. Mungu wangu. Kijana! Sauti imejaa, haitetemeki. Nilivua kofia, nikaiweka juu ya magoti.

Monsieur Luc akatoa casque mu masikio. Akatikisa kichwa. Akasema mu bande kuna parasites mingi sana, lazima bazitoe zote.

Parasites. Mbele yangu. Na mimi mwenyewe niko naongea mu mashine.

Ile neno naijua. Kwetu parasite ni mutu anayekula mu nyumba ya ndugu yake, hana kazi, hana aibu. Nilisimama. Nilikamata kofia. Espérance akanifuata mu couloir: « Papa! Papa, ngoja kwanza! » Sikugeuka.

Nani alibaambia nakula kwa Odile?

Siku ya tano, 11 novemba

Leo fête, hakuna kazi. Odile anakata kitunguu.

« Odile, ulisema nini kwa bazungu juu yangu? »

« Bazungu gani, tonton? »

« Mimi ni parasite? »

Akacheka. Kisha akaacha kucheka, akaweka kisu chini. « Tonton, quatre ans, miaka ine, uko hapa, sijasikia merci hata moja. Si mimi nilikuita ile jina. Lakini na weye hukunisaidia kuikataa. »

Nikaingia mu chumba, mulango nikaupiga. Alipika sombe na samaki kavu. Harufu ikapita chini ya mulango. Sikukula. Mimi nikisema sikuli, sikuli.

Siku ya mposho, 12 novemba

Odile haongei. Mimi pia. Frigo peke yake ndiyo inaongea.

Siku ya kwanza, 14 novemba

Nilienda kuchukua bande zangu. Monsieur Luc hayuko. Espérance akanipa kahawa, akaniuliza juu ya nini nazichukua. Nikamwambia. Akaweka mukono mu kinywa. Alicheka mupaka machozi.

« Papa, parasites ni makelele ya radio! Ile kri-kri-kri, sawa mutu anakaanga mafuta. Haikuwa weye! »

Nikamwambia nilijua. Nilitaka kuona kama yeye anajua.

Kisha akaacha kucheka. « Lakini, papa, kuna neno lingine. » Amerika ndiyo inalipa kazi ya kusafisha, na Amerika inataka mwimbo tu. Mukubwa wa archives anataka kukata yote ya katikati.

« Na katikati ni mimi. »

« Ndiyo, papa. » Akaangalia kahawa. « Tena ile mwimbo ya kwanza… yule bwana anaimba juu ya treni ya kwenda kwao. Weye uliambia bantu mama mukwe amemufungia mulango na nguruwe yake. »

« Bantu balicheka mu kila parcelle, mu kila kiwanja cha nyumba. Nani alitaka treni? Treni tulikuwa nayo. »

« Kiingereza ulijua, papa? »

« Zaidi yako. »

Hakubishana. Ana adabu, yule mutoto.

Nikamwambia: mama mukwe mumukate. Nguruwe pia. Lakini salamu hapana. Kila mwimbo ikiisha nilisalimia bantu wa Kamalondo kwa majina. Fulani wa avenue fulani, anayeshona. Fulani aliyezaa mapacha. Nasema jina, nanyamaza kidogo, na beye mu parcelle banajibu kwa sauti: « Tuko! » Studio ilikuwa karibu, madirisha wazi, nilikuwa nabasikia. Bote bamekufa. Misalaba ya miti kule makaburi bantu balishapikia kama kuni. Hakuna fasi ingine majina yao yanalala.

Espérance alisema ataongea na mukubwa.

Siku ya tatu, 16 novemba

Hakuna simu. Nilikaa pembeni yake siku nzima, hata mu choo nilienda mbio. Odile akaniuliza kama nangojea mutu. Nikasema hapana.

Siku ya ine, 17 novemba

Espérance amepiga. Mukubwa anasema hivi: Amerika bapewe mwimbo tu, bande nzima ibaki hapa mu sanduku. Nikasema hapana. Mutu hachukui nyama na kumwachia mwenye nyumba mifupa. Kama Amerika inataka banjo yangu, isikie na salamu yangu. Yote ao hakuna.

Akaenda kumuuliza, akarudi ku simu. Mukubwa anasema basi, hakuna. Hakuna kusafisha, hakuna Amerika.

« Papa, uko na hakika? »

Nilikuwa nimejisifu mu Matonge yote, kule bantu wa kwetu banakutana. Kwa mukata nywele baliishaanza kuniita Américain. Sasa batacheka.

« Amerika haikunisalimia hata siku moja », nikamwambia. Nikaweka simu.

Siku ya tano, hapana, siku ya mposho, 19 novemba

Nimekosea siku hapo juu. Kichwa.

Nilipita kwa mukata nywele. « Américain, avion yako ilikuacha? » Bote bakacheka. Nikabaambia ni mimi nilikataa. Bakacheka zaidi. Nilirudi na nywele ndefu.

Kama nilikosea? Pengine. Sauti ingefika mbali. Sasa ni kiburi yangu tu na mimi, mu chumba.

Siku ya tatu, 23 novemba

Espérance alileta bande zote na cassette moja. Amenipigia kopi yote, na parasites zake. Hakutaka kukaa, ana examen.

Nikaweka cassette mu radio ndogo ya Odile, mu cuisine. Kri-kri-kri. Banjo. Kisha mimi. Salamu kwa Ilunga fundi wa baiskeli. Kimya. Nikajibu: tuko. Salamu kwa mama Kabamba na chumvi yake. Tuko. Nilijibia kila mutu. Ilikuwa kazi mingi kwa mutu mumoja.

Odile aliingia na manteau yake. Hakuivua. Mu radio nikasema: salamu kwa Véronique, anayefua leo, na kale katoto kake kanakolia mugongoni, Odile.

Kimya ile ya kungojea jibu.

Odile akasema pole pole: « Tuko. »

Akakaa. Akasema: « Rudisha, tonton. » Nikarudisha. Mara mingi. Kisha nikasema merci. Sijui kama alisikia, makelele ilikuwa mingi.

Kama mutu anasema naongeza, aulize Espérance wa Bukavu, alisikia yote mu casque. Aulize Odile, mutoto wa Véronique. Lakini si sasa. Amelala, kesho anaamka mapema.