Kaseti Niliyosema Imefutwa

Jumatano, mwezi wa saba

Baridi ya leo imeingia mpaka kwenye vifundo vya vidole. Mawingu yameshuka hadi mashamba ya juu, na hapa mtaani kwetu Soweto, chini ya mlima, watu wanapita wamevaa makoti ya mitumba mchana kweupe. Nimekaa karibu na dirisha, blanketi magotini, naandika kwa vidole viwili. Kila baada ya mistari michache napumzika, maana pumzi haitoshi.

Ninyi mnaonisoma kwenye ukurasa huu mmezoea niandike habari za migomba, kahawa na wanafunzi wangu wa zamani wa chuo cha ualimu. Leo sitaandika hayo. Daktari ameniambia kwa upole kwamba moyo wangu umechoka. Nimefundisha saikolojia miaka mingi, siwezi kukosa kujua maana ya upole wa namna ile.

Basi niseme.

Nilimdanganya mtoto, mwenzangu wa kazi akabeba lawama, nami nikanyamaza.

Ilikuwa ile miaka redio za watu binafsi zilipoanza kuruhusiwa. Tulikuwa tumezoea redio moja tu, na hiyo ikizungumza na watoto, ilizungumza kama mkaguzi wa shule. Siku moja mwanamke wa mjini, mtayarishaji wa vipindi, akaja chuoni kunitafuta. Nitamwita Zainabu, ingawa si jina lake. Alinikuta ofisini nikisahihisha madaftari.

"Shikamoo Mwalimu. Nasikia wewe unajua watoto wanawaza nini."

"Marahaba. Najua vitabu vinasema wanawaza nini."

"Basi tuvifungishe ndoa na maikrofoni yangu. Mahari nitatoa mimi."

Nilicheka mpaka nikamwaga chai. Wiki ile ile tukaanza.

Kipindi chetu kilikuwa cha Jumamosi asubuhi. Watoto walituandikia barua au walizungumza nami shuleni na nyumbani kwao, nikarekodi. Kaseti ilikaa kwangu wiki nzima. Nilisikiliza, nikaandika ni nini kisisikike kabisa, ndipo Zainabu akaichukua. Na tulikuwa na sheria moja tuliyoiheshimu kuliko zote: sauti ya mtoto mwenyewe haikwenda hewani. Maneno yake yalisomwa na mtoto mwingine wa mjini, asiyemjua. Zainabu aliiita sauti ya kuazima. Mimi nililinda moyo wa mtoto, yeye alilinda masikio ya msikilizaji, na tuligombana kila Alhamisi kuhusu kipi kitangulie.

Nakitamani kile chumba. Kilikuwa kidogo, kuta zimebandikwa trei za mayai ili sauti isirudi, na joto lake lilikuwa la mkate unaookwa. Nawatamani wale watoto wa mjini waliokuja kuazimisha sauti zao, miguu haifiki chini, wanalamba midomo kabla taa nyekundu haijawaka. Nawatamani wazazi walionisimamisha njiani kuniambia kwamba jana walimwuliza mtoto wao swali kwa mara ya kwanza, badala ya kumwamuru. Ile ndiyo kazi pekee niliyowahi kufanya ambayo niliona matunda yake wiki hiyo hiyo.

Nami ndiye niliyeiua.

Kulikuwa na binti wa miaka tisa katika kijiji kimoja cha mteremkoni. Jina lake wala kijiji sitaviandika, na nawaomba msikisie. Baba yake alikuwa amefariki, amezikwa kihambani, kwenye shamba la ukoo, chini ya migomba, na tangu hapo binti hakujibu tena swali lolote darasani. Mwalimu wake aliniita. Mama yake akakubali nije nyumbani nizungumze naye.

Nilikwenda mara nyingi. Tulikaa uani, yeye akimenya maharage, mimi nikimenya vibaya makusudi ili anicheke. Ziara ya nne akacheka. Ziara ya tano nikaja na kaseti.

Siku hiyo alinieleza jambo ambalo mama yake alikuwa akilificha. Baba yake mdogo alitaka kumrithi mama yake, pamoja na kihamba. Mama alikuwa akijiandaa kimya kimya kurudi kwao, upande mwingine wa mlima, na watoto wake. Binti alipofika hapo alinyamaza kitambo, halafu akasema: "Baba mdogo hajui."

Sijawahi kusikia ukimya kama ule.

Nilipousikiliza tena nyumbani, nilijua hakuna mtoto wa mjini atakayeweza kuuazima. Tulijaribu kweli. Msichana mmoja alisoma maneno yale kama anasoma ubao wa shule. Na Jumamosi iliyokuwa inakuja tulitarajia wageni kutoka Dar, watu waliotaka kuona jinsi mwanasaikolojia na wanahabari wanavyofanya kazi pamoja kwa ajili ya watoto. Niliwataka wausikie ule ukimya. Niseme wazi: nilitaka wanione mimi niliyeupata.

Nikamwambia Zainabu tutumie sauti yenyewe.

"Mtoto amekubali?" akaniuliza.

"Amekubali."

"Na mama yake?"

"Niachie mimi."

Nilimpa nakala niliyoitengeneza nyumbani, jina nimelikata. Nilikata jina la kijiji na la shule. Nilidhani inatosha, na hapo ndipo ninapojishangaa mpaka leo, kwa sababu mimi ni mtu wa Uru. Mtu wa Kirua Vunjo akifungua mdomo, hata kwa Kiswahili, najua katoka wapi kabla hajamaliza salamu. Huku kwetu kila bonde lina namna yake ya kuvuta maneno. Kwa mtu wa Dar ile ilikuwa sauti ya mtoto yeyote. Kwa watu wa bonde lake ilikuwa kama nimesoma jina lake, la baba yake na la babu yake.

Jumamosi ile baba mdogo alikuwa dukani, na redio ya duka ilikuwa wazi.

Ukoo ulikaa siku ya pili yake. Wakaamua kwamba mwanamke akitaka kwenda aende, lakini watoto ni wa ukoo. Mama aliondoka peke yake. Nilipokwenda shuleni baada ya wiki mbili, binti alisimama kwa adabu, akasema, "Shikamoo Mwalimu," akasubiri niseme marahaba, akakaa. Hajaniambia neno lingine mpaka leo.

Redioni tuliitwa kwenye mkutano. Mkurugenzi akauliza ni nani aliyeruhusu. Niliangalia meza. Zainabu aliniangalia mimi, kisha akasema: "Studio ni yangu. Kilichotoka kwenye studio ni changu." Wakamwondoa kwenye kipindi, kikafa mwezi uleule. Aliniambia nje, mlangoni: "Ukianguka wewe, Mwalimu, hakuna mzazi atakayemfungulia mtu mlango. Mimi nitapata kazi nyingine." Akaniuliza kaseti ya asili iko wapi. Nikamwambia nimeifuta.

Sikuifuta. Niliifungia kwenye droo.

Baadaye nilialikwa kwenye semina nyingi kuzungumzia ushirikiano wa wanasaikolojia na vyombo vya habari. Nilizungumza vizuri. Nilisisitiza sauti ya kuazima. Watu waliandika.

Leo asubuhi Zainabu alikuja. Sasa naye anatembea akishika kuta.

"Nimekuja na khanga ya msiba kwenye mkoba," akasema mlangoni, "nakukuta unakunywa uji! Unatuchosha, Mwalimu."

"Subiri nimalize kikombe."

Akakaa. Hakuanza mara moja, na ninamjua: akichelewa kuanza, ana jambo. Hatimaye akasema kwamba yule binti, sasa mama wa watoto wawili, alikwenda kumwona wiki iliyopita. Mama yake amefariki. Waliungana tena binti alipokuwa mkubwa, lakini miaka ile ya katikati haikurudi. Na sasa hana sauti ya mama yake popote. Picha anazo. Sauti hana. Akakumbuka kwamba siku ile uani, kaseti ikizunguka, mama yake alikuwa jikoni akimwita aje kula.

"Nimemwambia ilifutwa," Zainabu akasema, "maana wewe uliniambia ilifutwa. Lakini nikajisemea, nikuulize mara moja tena kabla hujafa."

Nilinyanyuka. Ilinichukua muda kufika kwenye droo.

Tuliisikiliza kwenye redio kaseti yangu ya zamani. Jogoo wa uani. Maharage yakidondoka kwenye sufuria. Ule ukimya. Halafu binti anauliza, swali nililoliruka siku ile nilipomnakilia Zainabu: "Hii watu watasikia?" Na sauti yangu, changa, yenye uhakika: "Hapana, mama. Nasikia mimi peke yangu." Na juu ya maneno yangu hayo, mwanamke kutoka jikoni anaita kwa Kichaga, anavuta jina la mwanawe mpaka linakuwa refu kama wimbo.

Zainabu alivua miwani.

"Uliniambia amekubali."

"Nilikuambia."

"Miaka yote hii nimejua tulikosea wote wawili. Nimeswali nikiomba kwa ajili ya wote wawili."

Mtu anafundisha watu wengine maisha yake yote namna ya kumjibu anayelia, na siku hiyo ikifika kwake anaangalia blanketi.

Kisha nikafanya jambo ambalo naliandika hapa kwa sababu nimejiapia kutoacha kitu. Nilimwuliza kama yule fundi wake wa redio mjini hawezi kuondoa maneno yangu, abaki mama peke yake.

"Fundi anaweza," akasema. "Lakini mama mtu yuko juu yako pale pale. Ukijifuta wewe, unamfuta na yeye. Chagua."

Mtaani mtu alikuwa anauza mkaa, anaita.

Nikasema basi iende nzima, na niagize mtu aniletee isale, iende pamoja nayo. Kwa msiotoka huku: isale ni ule mmea tunaoupanda mipakani mwa vihamba. Ukimpelekea jani lake uliyemkosea, unaomba msamaha, na haifai alikatae. Wazee watamkalia, majirani watamkalia, mpaka aseme yameisha.

"Wachaga mna mambo," akasema Zainabu. "Ulimnyima kuchagua akiwa na miaka tisa, unataka umnyime tena?"

Amesema kweli. Nimeagiza lisikatwe jani lolote. Kama hataki kunisamehe, asikaliwe na mtu.

Kwa ombi langu la siku nyingi, Zainabu alikuwa amemwuliza binti pia kama ninaweza kuandika habari hii. Jibu lake lilikuwa fupi: "Aandike yake. Yangu aniachie." Nimejitahidi. Yaliyo hapa ya kwake ni yale ambayo mimi mwenyewe niliyatoa hewani, na machache ambayo bila hayo kosa langu lisingeeleweka, na nimeyaacha mengi.

Alipoondoka aliweka kaseti kwenye mkoba, ndani ya khanga ile. Hakuniaga kwa utani. Alisema, "Kunywa dawa," akafunga mlango taratibu. Sijui kama atarudi. Mwenzangu pekee wa miaka ile, ambaye angeweza kunikumbusha trei za mayai na nikacheka, nimemwambia ukweli leo nikiwa nimebakiwa na siku chache za kumkosa.

Mnaofanya kazi hii sasa, wa saikolojia na wa redio, na hizi televisheni zilizojaa, mkikutana mezani mtagombana ni kipi kitangulie. Gombaneni. Siku tuliyoacha kugombana, kwa sababu mmoja wetu alikuwa amesema "niachie mimi", ndiyo siku mtoto alipobaki bila mlinzi.

Nimechoka sasa. Vidole vimeganda.

Kesho kutwa yule binti atakuwa na kaseti mkononi. Nafikiria atafunga mlango, atawanyamazisha watoto wake, atabonyeza. Atamsubiri mama yake, na ili amfikie itabidi apite kwangu. Halafu, nadhani, atairudisha nyuma amsikie tena, na tena, na kila mara atanikuta pale nikimwahidi.

Ningetamani kujua kama ipo siku atasikiliza, na sauti yangu isiwe kitu tena kwake, kama jogoo wa uani.